Selimundu Si Laana, Wala Jeni Si Hatima



Neno "jeni" limetoka maabara na kuingia mtaani. Mtoto akiwa mkorofi tunaambiwa ni jeni za upande wa baba. Kijana akishindwa hesabu, hayo yamo kwenye damu yao. Na familia ikiwa na mtoto mwenye selimundu, au sikoseli kama wengi tunavyouita, jirani atasema kwa sauti ya chini kwamba hapo hakuna la kufanya, ugonjwa ni wa kurithi. Miaka iliyopita jirani huyohuyo angesema ni laana ya ukoo. Sisi tunaosoma falsafa tunaziona kauli hizi mbili kuwa ni mapacha. Moja imevaa koti jeupe na nyingine imeshika tunguri, lakini zote zinamwambia mama kitu kilekile: mambo ya mwanao yalishaamuliwa, kaa usubiri.

Katika makala haya tunataka kuzipinga zote mbili kwa kutumia dawa moja ya kawaida, haidroksiurea, na maneno machache kutoka darasa la metafizikia. Tunajua wapo watakaouliza mafrateri wanatafuta nini kwenye mambo ya maabara. Jibu letu ni kwamba Tanzania huzaliwa zaidi ya watoto 10,000 wenye selimundu kila mwaka, na nchi yetu imo katika orodha ya zile zenye watoto wengi zaidi wa namna hiyo duniani. Wataalamu hukadiria kuwa pasipo uangalizi wa kitabibu zaidi ya nusu yao hawafiki umri wa miaka mitano. Watoto hao ndio tunaowabatiza, na baadhi yao ndio tunaowazika. Jambo linalotupeleka makaburini mara nyingi hivyo haliwezi kuwa nje ya mada za seminari.

Tuanze na ugonjwa wenyewe. Ndani ya chembe nyekundu za damu kuna protini iitwayo himoglobini, ambayo kazi yake ni kubeba oksijeni. Maelekezo ya kutengeneza sehemu mojawapo ya protini hiyo yamo katika kromosomu ya 11. Kwa mwenye selimundu, herufi moja tu ya maelekezo hayo imebadilika, na kwa sababu hiyo asidi amino ya sita katika mnyororo huo, ambayo ilipaswa kuwa ya glutamiki, inakuwa valini. Jambo hilo lilithibitishwa na Vernon Ingram huko Cambridge katika miaka ya 1956 na 1957. Herufi moja! Lakini oksijeni ikipungua, himoglobini za namna hiyo hushikana na kuwa vijiti virefu, chembe hujikunja kama mundu, hukwama kwenye mishipa midogo, na mtoto hulia usiku kucha kwa maumivu ya mifupa. Chembe nyekundu ya mtu mwenye afya huishi takriban siku 120, hizi huishi siku 10 hadi 20 tu. Ndiyo maana damu haitoshi, macho yanakuwa ya manjano, na safari za kuongezewa damu haziishi.

Hapa tusimame kidogo, maana kuna dhuluma ambayo tumeisikia katika utume wetu wa mwisho wa wiki, na si kwa familia moja. Mtoto akigundulika, mama ndiye anayeulizwa ametoka ukoo gani. Wengine wamerudishwa kwao. Basi ijulikane wazi: mtoto hawi na selimundu mpaka apokee jeni iliyobadilika kutoka kwa baba na pia kutoka kwa mama. Mmoja peke yake hawezi. Wazazi wote wawili wakiwa wabebaji, kila mimba ina nafasi moja kati ya nne ya mtoto kuwa mgonjwa, na tunasema kila mimba kwa makusudi, kwa kuwa wapo wanaodhani kwamba wakishapata mmoja mgonjwa watatu wanaofuata watakuwa salama. Kete haikumbuki ilivyoanguka jana. Katika Kanda ya Ziwa, ambako baadhi yetu tunatoka, karibu mtu mmoja kati ya watano hubeba jeni hiyo bila kuumwa chochote. Waliibeba mababu zetu kwa sababu humkinga mbebaji dhidi ya malaria kali, kama alivyoonyesha Anthony Allison, aliyekulia Kenya na kufanya utafiti wake hapahapa Afrika Mashariki, mwaka 1954. Kwa hiyo jeni inayomliza mjukuu leo ndiyo iliyomwokoa babu yake. Anayetaka kuiita laana ana kazi ya kueleza hilo.

Sasa tufike kwenye jambo lililotufanya tuandike. Mtoto mwenye selimundu hazaliwi akiumwa. Miezi ya kwanza hunyonya, hucheka, huongezeka uzito. Dalili huanza kujitokeza kuanzia kama miezi sita hivi. Mwaka 1948 daktari mmoja wa New York, Janet Watson, aliona kwamba chembe za damu za watoto wachanga hazijikunji kama za wakubwa, akafikiri kwamba huenda ni kwa sababu bado wana himoglobini ya tumboni. Alikuwa sahihi. Mtoto akiwa tumboni mwa mama hutumia aina nyingine ya himoglobini, iliyo na maelekezo yake yenyewe, jirani kabisa na yale yenye kasoro, kwenye kromosomu ileile. Himoglobini hiyo ya tumboni haina kasoro, na ikichanganyika na ile mbovu huizuia kushikana na kuwa vijiti. Baada ya kuzaliwa mwili huizima polepole na kuwasha ile ya ukubwani. Hapo ndipo mateso yanapoanza.

Zingatia neno tulilotumia: huizima. Haiifuti. Kila mmoja wetu, kuanzia Gombera hadi mpishi wetu, anatembea na maelekezo kamili ya himoglobini aliyoitumia tumboni. Yamo katika kila chembe yenye kiini, yameandikwa vizuri, hayasomwi. Mfano wa karibu tulioupata ni Aleluya wakati wa Kwaresima. Kuanzia Jumatano ya Majivu hatuiimbi. Wanakwaya hawajaisahau, wala hakuna aliyechana ukurasa. Ipo kitabuni, na katika Mkesha wa Pasaka tutaisikia tena. Mtu asiyejua liturujia angeingia kanisani siku ya kumi ya Kwaresima akasema kwamba Wakatoliki hawana Aleluya. Ndivyo anavyokosea anayesoma orodha ya jeni za mtu na kudhani amesoma maisha yake. Orodha ya nyimbo si ibada. Mwili nao una kalenda yake, na una wanaoagiza kipi kiimbwe na kipi kinyamaziwe. Tangu mwaka 2008 tunamfahamu kwa jina mmoja wa waagizaji hao, protini iitwayo BCL11A, ambayo baada ya kuzaliwa hukaa karibu na jeni ya himoglobini ya tumboni na kuinyamazisha.

Je, inawezekana kuiamsha? Swali hilo lilianza kujibiwa mwaka 1982. Huko Chicago Joseph DeSimone, Paul Heller na wenzao waliwapa nyani dawa iitwayo azasaitidini, na himoglobini ya tumboni ikapanda sana. Mwaka huohuo dawa ikajaribiwa kwa binadamu wenye magonjwa ya himoglobini, ikafanya hivyohivyo. Maelezo yao yalikuwa mazuri sana: jeni zilizozimwa huwa zimebandikwa alama ndogo za kikemikali ziitwazo metili, dawa hii huzuia alama hizo zisibandikwe tena chembe inapogawanyika, basi jeni inaachiwa huru. Kila kitu kilikaa mahali pake.

Kisha wakatokea wenye mashaka. Azasaitidini, walisema, huua pia chembe zinazogawanyika ndani ya uboho wa mifupa. Mnajuaje kwamba si huko kuua kunakoleta matokeo, na alama za metili ni msindikizaji tu? Wakatafuta dawa inayozuia chembe kugawanyika lakini isiyogusa alama zile. Wakaichukua haidroksiurea, kemikali iliyotengenezwa Ujerumani tangu mwaka 1869 na iliyokuwa tayari ikitumika kutibu saratani za damu. Mwaka 1984 ikajaribiwa kwa kima, kisha kwa wagonjwa wa selimundu. Himoglobini ya tumboni ikapanda. Maelezo mazuri yakapata ufa.

Mwalimu wetu wa Mantiki angefurahi. Hiki kilifuata kile, kwa hiyo kile ndicho kilichokisababisha: kosa la zamani kuliko vyuo vyote. Na tunaipenda habari hii kwa sababu dawa inayookoa watoto wetu leo iliingia kwenye ugonjwa huu kwa njia ya mabishano kuhusu sababu. Tunapolalamika kwamba madarasa ya causa efficiens hayalishi mtu, tukumbuke kwamba kuna watoto wanaoishi kwa sababu mtu fulani hakukubali sababu ya kwanza aliyopewa.

Inafanyaje kazi basi? Haidroksiurea hukizuia kimeng'enya kinachoandaa matofali ya DNA. Chembe changa za uboho zinazotaka kugawanyika hukuta matofali hayatoshi, zikasita. Mwili unapoona chembe nyekundu zinachelewa, huita kwa haraka chembe za hatua ya awali zaidi zijaze pengo, na hizo bado zina tabia ya kutengeneza himoglobini ya tumboni. Hiyo ni njia moja. Njia nyingine ni ya ishara. Dawa hii ikivunjwavunjwa mwilini hutoa oksidi ya nitriki, gesi inayopenya hadi ndani ya chembe na kukigusa kimeng'enya fulani, kimeng'enya hicho kikatengeneza molekuli nyingine ndogo iitwayo cGMP, na molekuli hiyo hupeleka habari mbele mpaka kwenye jeni. Sisi wa seminari tunaielewa vizuri biashara hii. Kengele ya alfajiri haimbebi mtu kitandani na kumpeleka kanisani. Inalia tu. Anayeisikia humgonga wa chumba cha pili, wa pili humgonga wa tatu, na baada ya dakika kumi kanisa limejaa watu waliokuwa wamelala. (Na kama ilivyo kwetu, si kila chembe huamka kwa kengele ya kwanza. Ndiyo sababu mgonjwa mmoja hupanda sana na mwingine kidogo.) Zaidi ya hayo dawa hupunguza chembe nyeupe na kuzifanya chembe zisinate sana kwenye kuta za mishipa, hivyo nafuu kwa wengine huanza kabla hata himoglobini ya tumboni haijapanda.

Tulipofika hapo katika kujisomea, tuliona kwamba Aristoteli alikuwa ametangulia kutuachia maneno. Katika kitabu cha pili cha Juu ya Roho anatofautisha hali tatu. Kuna mtoto ambaye hajui kitu lakini anaweza kujifunza. Kuna msomi aliyelala, ambaye anayo elimu ila haitumii. Na kuna msomi aliye macho, anayefikiri kwa elimu yake sasa hivi. Wa kwanza na wa pili wote "wanaweza", lakini uwezo wao haufanani hata kidogo: wa kwanza anahitaji miaka ya shule, wa pili anahitaji mtu wa kumtikisa bega. Katika mitihani tunaandika potentia na actus kana kwamba ni sanduku mbili tu, tunasahau hali hii ya katikati. Jeni ya himoglobini ya tumboni katika mtu mzima ni msomi aliyelala. Haidroksiurea haimfundishi kitu. Inamtikisa bega.

Na Mtakatifu Thoma wa Akwino, katika swali la 11 la De Veritate, anapoeleza jinsi mtu mmoja anavyoweza kumfundisha mwingine, anachukua mfano wa tabibu. Afya, anasema, wakati mwingine hurudi kwa nguvu ya maumbile peke yake, na wakati mwingine kwa maumbile yakisaidiwa na dawa. Katika hali hii ya pili tabibu hutumika kama mhudumu wa maumbile, akifuata njia ambayo maumbile yenyewe yangeifuata. Hatudai kwamba Thoma aliona jeni katika karne ya 13. Tunadai tu kwamba maneno yake yanaieleza dawa hii vizuri kuliko maneno mengi ya leo, yanayouchora mwili kama gari bovu na daktari kama fundi anayebadili spea. Gari halina spea iliyolala ndani yake tangu lilipokuwa tumboni.

Kuna rafiki yetu darasani ambaye hakubaliani nasi, na ni haki tumpe nafasi. Anasema: kama miligramu chache za kemikali zinaweza kubadili jeni ipi isomwe, na ishara zinazofanya hivyo ni gesi na molekuli tu, basi mmekubali kwamba mtu ni kemia, mnaweka roho wapi? Hoja hiyo si ya kitoto, na tumeona watetezi wa imani wakiijibu vibaya, kwa kutafuta pengo ambalo sayansi haijalijaza na kumweka Mungu humo. Pengo likijazwa kesho, Mungu atahamia wapi? Sisi tunajibu kwa njia nyingine. Roho, kwa Thoma, si molekuli moja zaidi iliyo laini kuliko nyingine, inayogombea nafasi na cGMP. Ni umbo la mwili, ndilo linalofanya molekuli hizi zote ziwe mwili wa Maria au wa Juma na si supu. Kwa hiyo kugundua jinsi ishara inavyopita ndani ya chembe hakumnyang'anyi roho kitu, kama vile kujua nyuzi zinavyotetemeka kooni hakumnyang'anyi mwimbaji wimbo wake. Na tuongeze hili: wanasayansi wenyewe hawawezi kueleza kazi hii bila kusema "ishara", "kusoma", "kunyamazisha". Wanajua ni lugha ya mfano, lakini hawajapata nyingine, maana sehemu hizi hazieleweki mpaka uzitazame kwa ajili ya uzima wa kiumbe kizima. Rafiki yetu bado anatikisa kichwa. Tutaendelea naye mezani.

Lakini tukibaki kwenye mabishano ya mezani tutakuwa tumewasahau watoto. Dawa hii inafanya kazi kweli kwa watu wa huku? Mwaka 1995 Marekani ilimaliza jaribio la watu wazima 299, na waliotumia haidroksiurea walipata vipindi vya maumivu pungufu kwa karibu nusu. Mwaka 1998 ikaruhusiwa rasmi huko kwa ugonjwa huu. Hata hivyo Afrika kulikuwa na hofu yenye msingi: dawa inayopunguza chembe nyeupe, katika nchi zenye malaria na maambukizi mengi, si itawamaliza watoto? Jaribio lililoitwa REACH likafanyika Kilifi nchini Kenya, Mbale nchini Uganda, Kinshasa na Luanda, kwa watoto 606 wa umri kati ya mwaka mmoja na kumi walioanza kunywa dawa. Matokeo yalitoka mwaka 2019. Vipindi vya maumivu vilipungua kwa zaidi ya nusu. Kuongezewa damu kulishuka hadi theluthi moja ya ilivyokuwa. Malaria, ile iliyoogopwa, ilipungua kwa nusu. Na vifo vilishuka kutoka 3.6 hadi 1.1 kwa kila watoto 100 kwa mwaka. Utafiti mwingine wa Mulago, Kampala, uliotoka mwaka 2020, ulionyesha kwamba dozi ikipandishwa kwa uangalifu hadi takriban miligramu 30 kwa kila kilo ya uzito, badala ya kubaki kwenye 20, watoto hunufaika zaidi bila madhara kuongezeka.

Hiyo si tiba ya kuuondoa ugonjwa, na asitokee mtu wa kutunukuu vibaya. Ni dawa ya kila siku, kwa miaka. Mtoto akiacha, jeni inarudi kulala. Na ina masharti: kupima wingi wa damu mara kwa mara ili chembe zisishuke mno, dozi kubadilishwa kadiri mtoto anavyoongezeka kilo, kucha na ngozi kuweza kuwa nyeusi kidogo. Wakati wa ujauzito madaktari huwa waangalifu sana nayo, na kwa wanaume inaweza kupunguza mbegu, jambo ambalo vijana wana haki ya kuambiwa waziwazi badala ya kulisikia kijiweni. Wazazi wengine hukataa wakisikia kwamba ni "dawa ya kansa". Tunawaelewa. Lakini dawa haina ubini. Inaitwa ya kansa kwa sababu ilianzia huko, kama mwalimu anayeitwa "wa hesabu" mpaka siku anapofundisha kwaya.

Linalotuuma zaidi ni lile linalotoka kwetu. Tumekutana na familia zilizoambiwa na watu wa maombi, wengine wakiwa waamini wenzetu, kwamba kuendelea kunywa dawa baada ya kuombewa ni dalili ya imani haba. Mtoto akaacha dawa wakati wa novena. Hatutasimulia yaliyofuata. Tunasema tu kwamba fundisho hilo si la Kanisa Katoliki. Yoshua bin Sira, sura ya 38, anaagiza mgonjwa asali na pia ampe tabibu nafasi yake, maana dawa nazo zimeumbwa na Bwana. Na wanafunzi walipomuuliza Yesu kuhusu yule aliyezaliwa kipofu, kama aliyetenda dhambi ni yeye au wazazi wake, Bwana alikataa swali lenyewe. Kama Bwana alilikataa, sisi makatekista, mafrateri na mapadre tunalirudishaje kwa mlango wa nyuma, tukiliita "vifungo vya ukoo"? Mpako wa Wagonjwa na kapsuli ya asubuhi havigombani. Anayevigombanisha hajaelewa sakramenti wala maumbile.

Kuhusu wachumba, maoni yetu ni haya. Parokia zinazowashauri wachumba wapime zinafanya vema, na tungependa wapime mapema, kabla ya mahari, si wiki ya mwisho wakati kadi za mchango zimeshatoka. Ila kipimo kisigeuzwe kuwa kizuizi. Sheria ya Kanisa, kanuni ya 1058, inasema anaweza kufunga ndoa kila asiyezuiliwa na sheria, na kubeba jeni ya selimundu hakumo katika vizuizi. Paroko anaweza kuwaeleza, kuwapeleka kwa daktari, kusali nao. Kuwakatalia hawezi. Na wakiamua kuendelea, wasije wakasikia siku moja, kitanda cha hospitali kikiwa mbele yao, kwamba "tuliwaambia".

Mwishoni mwa mwaka 2023 Uingereza na Marekani ziliruhusu tiba mpya inayokwenda kwenye chembe za uboho na kukata swichi ya BCL11A, ili himoglobini ya tumboni iamke moja kwa moja. Kimaadili Kanisa halina kinyongo na tiba ya jeni ya namna hiyo inayomlenga mgonjwa mwenyewe. Hati Dignitas Personae ya mwaka 2008 inaikubali kimsingi, kwa masharti ya usalama na ridhaa. Bei yake Marekani ni dola milioni 2.2 kwa mgonjwa mmoja. Zaidi ya robo tatu ya watoto wanaozaliwa na selimundu duniani wanazaliwa kusini mwa Sahara. Hapo kila mtu apige hesabu yake, kisha ajiulize kwa nini kapsuli yenye umri wa zaidi ya karne na nusu bado haipatikani kwa urahisi katika zahanati nyingi za vijijini, zikiwemo zetu.

Kwa hiyo tumekubaliana sisi kwa sisi, na tunawaomba wasomaji walio majimboni watuunge mkono. Likizo ijayo kila mmoja wetu ataingia katika hospitali au zahanati ya jimbo lake na kuuliza mambo matatu: je, watoto wachanga wanapimwa selimundu kabla ya kuruhusiwa kwenda nyumbani, haidroksiurea ipo stoo, na inauzwa shilingi ngapi kwa mwezi. Majibu tutayachapisha katika toleo la muhula ujao, jimbo kwa jimbo.